Todmorden, Uingereza: nini kilivileta viwanda vya pamba kwenye bonde jembamba hivi?

#1 Mlezi wa Bondeni

Wakuu, salamu. Huu ni mwaka wangu wa pili Todmorden, mji mdogo wa soko kaskazini mwa Uingereza, kama kilomita 27 kutoka Manchester. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kwa hiyo mji naujua kwa miguu, alfajiri na usiku.

Umekaa pale mabonde matatu yanapokutana, kama panda ya manati. Mkono mmoja unakwenda Burnley, wa pili unakwenda Rochdale na Manchester, na mpini unateremka na mto Calder kuelekea Hebden Bridge na Halifax. Milima imebana kila upande. Pale chini, kwenye upana ambao mtoto akirusha jiwe linavuka, wamepitisha mto, mfereji, barabara na reli. Na katikati ya msongamano huo wakajenga viwanda vya kusokota na kufuma pamba, kimoja kikigusana na kingine. Vingi vimebomolewa, dohani chache ndizo zimebaki.

Sasa pamba huku haioti. Ilivuka bahari kutoka Marekani. Kwa nini mtu aitoe huko kote aje kuifumia kwenye korongo?

Kuna bibi ninayemhudumia, alianza kufuma akiwa na miaka 15. Kelele za mitambo zilimmaliza masikio. Anaongea kwa kutanua midomo, hata kwa neno dogo, maana ndivyo walivyokuwa wakizungumza kiwandani, na midomo yako anaisoma kabla hujamaliza kusema. Nilipomwuliza swali hili alinyoosha kidole dirishani, akarudi kunywa chai yake. Nje palikuwa na mvua, kilima, na nyumba ya jirani. Sijajua alionyesha kipi.

#2 Kipanga Dume

Dada, alionyesha mvua. Jibu ni maji yanayoanguka.

Kabla ya mvuke, mashine ilizungushwa na gurudumu la maji, na gurudumu linataka kijito chenye mteremko mkali. Mto mpana unaojivuta tambarare haulifai. Hiyo milima ya Pennine juu yenu imefunikwa mboji inayonyonya mvua na kuiachia taratibu, na kila korongo lina kijito chake. Mtu anaziba bwawa dogo, anaweka gurudumu, anafunga mashine, kazi inaanza.

Ukipata siku ya mapumziko panda mpaka Lumbutts. Kuna mnara wa mawe umesimama peke yake. Ndani yake yalikaa magurudumu matatu, moja juu ya jingine, na maji yaleyale yaliyazungusha yote yakishuka. Watu hao hawakutaka tone lipite bila kufanya kazi.

#3 FundiMitambo55

Namheshimu Kipanga, lakini nimekula mkate wa pamba miaka 22 kwenye kiwanda cha nguo hapa Morogoro, naomba nisikilizwe. Tazameni hewa kabla ya mto.

Uzi wa pamba ukikauka unakuwa kama nyasi ya kiangazi, ukiuvuta unakatika. Ukiwa na unyevu unakubali kuvutwa. Sisi kwenye ukumbi wa kusokotea tulikuwa na vipulizio vya ukungu juu darini. Siku vikiharibika, haipiti nusu saa unaona akina dada wanakimbia kutoka mashine hadi mashine kuunga nyuzi, na msimamizi kashika kichwa. Kwenye kufuma ni balaa zaidi: nyuzi za mtande, zile za urefu zilizotandwa kwenye mtambo, zikikatika, mtambo unasimama mpaka uunge mmoja mmoja. Mshindio, ule uzi unaopita kwa upana, ukikatika afadhali.

Kwa hiyo bonde lenye ukungu na mvua mwaka mzima, kwa mtu wa pamba, ni zawadi ya bure kutoka mbinguni. Bibi alionyesha mvua, hapo nakubaliana na Kipanga. Ila sababu yake siyo gurudumu.

#4 Kisima

Fundi, hoja ya unyevu nimeisikia mara nyingi na ina tundu. Mkoa mzima wa Lancashire unanyeshewa. Na hata kwa mvua hiyo, wenye viwanda walikuwa wanapuliza mvuke ndani ya kumbi za kufumia kwa makusudi, mpaka mwaka 1889 Bunge likatunga sheria ya kuweka kikomo, kwa sababu wafumaji walikuwa wanalowa ndani halafu wanatoka kwenye baridi. Kama hewa ya asili ilitosha, mvuke ulikuwa wa nini?

Mimi naanzia shambani. Udongo wa huko juu ni wa tindikali na umelowa, nafaka inastawi kwa taabu. Mkulima mwenye ng'ombe wachache hawezi kulisha familia kwa shamba peke yake, basi jioni anakaa kwenye kitanda cha kufumia, mke na watoto wanachana sufu na kusokota. Hii ni miaka mingi kabla ya mashine. Na watu waliishi mlimani, chini bondeni kulikuwa majimaji na msitu. Mlezi, ukiona nyumba ya zamani ya mawe yenye madirisha mengi yaliyopangwa safu moja, hapo ndipo walipofumia, wanatafuta mwanga. Vitambaa vilibebwa kwa farasi au mgongoni kwenye njia za mawe hadi Halifax, ambako soko kubwa la vitambaa lilifunguliwa mwaka 1779.

Joshua Fielden alikuwa mtu wa namna hiyo, mkulima na mfumaji anayetembea hadi Halifax kuuza. Mwaka 1782 alianza kusokota pamba kwenye vijumba vya Laneside, hapo hapo Todmorden. Hakuleta ujuzi kutoka mbali, aliukuta vidoleni mwa majirani.

#5 Sauti ya Kahama

Mwalimu Kipanga kasema maji, fundi kasema hewa, Kisima kasema njaa. Uzi huu wa leo una mtande na mshindio kabisa, endeleeni kufuma.

Ila Mlezi, nimefungua ramani hapa. Mji umeandikwa uko Yorkshire Magharibi, halafu namba ya posta inaanza na OL, yaani Oldham, ambayo ni upande wa Lancashire. Unaishi wapi hasa, dada yangu? Tukitaka kukutumia dagaa tuandike nini?

#6 Mlezi wa Bondeni

Andika OL14, zitafika 😄

Umegusa jambo ambalo huku wazee wanalizungumza hadi leo. Mpaka wa Lancashire na Yorkshire ulikuwa unapita katikati ya mji, kwenye kijito cha Walsden Water. Jumba la mji, lililofunguliwa 1875, lilijengwa juu ya kijito chenyewe, maji yanapita chini ya sakafu. Ukumbi wa dansi uko juu, kwa hiyo watu walikuwa wanacheza wakivuka mpaka huku na huku kwa muziki mmoja.

Nasubiri basi mbele yake karibu kila siku, nimelitazama sana. Pale juu, kwenye pembetatu ya paa, wamechonga wanawake wawili. Upande mmoja ni Lancashire, na chini yake watu wa pamba wanasokota na kufuma. Upande wa pili ni Yorkshire, kuna sufu, kilimo na uhandisi. Asubuhi mawe yakiwa yamelowa wanaonekana weusi, jua likipiga wanakuwa rangi ya asali.

#7 Mkongo wa Leeds

Bonjour ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, niko Leeds, naendesha lori. Hiyo barabara ya A646 kutoka Halifax kwenda Burnley kupitia Todmorden naijua vizuri sana. Nyumba zimekaribia barabara, magari yameegeshwa pande mbili, ukikutana na basi mmoja lazima asimame. Haina nafasi ya kupanua, ukuta huku, mto kule.

Kuhusu mpaka, waliuhamisha mwaka 1974 walipopanga upya majimbo yote ya Uingereza.

#8 Kisima

Ndugu Mkongo, hapana. 1974 ndipo mji ulipoingizwa kwenye halmashauri ya Calderdale. Mpaka ulihamishwa kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1888, mji wote ukawekwa Yorkshire. Kwa hiyo lile jumba lilikaa juu ya mpaka miaka 13 hivi tu, ingawa kwa maneno ya watu utadhani ni karne tano.

Ila posta, simu na kriketi havikuifuata sheria. Namba za simu za huko zinaanza na 01706 kama za Rochdale, na timu ya kriketi ya mji inacheza ligi ya Lancashire.

Hata jina linasemekana limebeba mpaka: bonde la mpakani la mtu aitwaye Totta. Wengine wanasema "tod" ni mbweha, kwa lahaja ya zamani ya Kiingereza. Na wapo wanaokwambia kwamba ni kifo kwa Kijerumani na kifo tena kwa Kifaransa, bonde la vifo viwili. Hii ya mwisho ni ya kutishia wageni.

#9 Mkongo wa Leeds

Nimekubali, asante kwa kunirekebisha.

#10 Reli Damu

Wadau, nimefika nimechelewa, niko Nakuru, baba yangu alikuwa mtu wa reli na mimi nimerithi ugonjwa huo. Mnazungumzia viwanda bila kutaja usafiri? Robota la pamba linashuka Liverpool. Lifikeje milimani? Mfereji wa Rochdale ulifunguliwa wote mwaka 1804, kilomita 51 kutoka Manchester hadi Sowerby Bridge, ukawa wa kwanza kukamilika kuvuka Pennine kutoka upande hadi upande. Na ulipita wapi? Todmorden. Makaa ya mawe, pamba, chokaa, vyote juu ya maji. Viwanda vilijipanga kandokando ya mfereji kama vibanda kwenye stendi.

#11 Kipanga Dume

Reli Damu, mtoto hamtangulii mama. Fielden 1782, mfereji 1804. Mfereji uliwafuata watu wa pamba.

#12 Reli Damu

Hao watu wa kwanza uliwafuata, sawa. Lakini kiwanda cha vijumba vitatu na viwanda vya ghorofa nyingi vinavyokula makaa ya mawe kila siku ni vitu viwili. Bila mfereji, na baada yake reli, Todmorden ingebaki na magurudumu yenu ya Lumbutts.

Na hapa nakupa pointi bila wewe kuomba. Wenye viwanda ndio waliopigania maji na kampuni ya mfereji. Waliogopa mfereji ungekunywa vijito vyao, kwa hiyo kampuni ikalazimika kujenga mabwawa yake yenyewe juu milimani. Ziwa la Hollingworth karibu na Littleborough, ambalo leo watu wanakwenda kupiga makasia, ni mojawapo. Kila mashua inayopanda inashusha maji mengi sana kwenye kila lango, yaani kile chumba cha maji cha kupandisha na kushusha mashua, na mfereji ule una malango zaidi ya 90. Mahesabu yake ni ya kuumiza kichwa.

Mfereji ulifungwa 1952, ukafunguliwa tena wote mwaka 2002. Mlezi, pale karibu na maktaba yenu kuna lango la maji ambalo halifunguki kama mlango, linapanda juu kama pazia la duka. Umeliona?

#13 Mlezi wa Bondeni

Nimeliona! Nilidhani ni mashine iliyoharibika. Na mbele kidogo kuna ukuta wa matofali mrefu, umesimama wima kutoka majini, juu yake treni zinapita. Wenyeji wanauita Ukuta Mkuu wa Tod, kama wa China. Ukipita chini yake jioni kunatoka baridi kama umefungua friji.

#14 Reli Damu

Huo unazuia kilima na kubeba reli. Kwa bonde kama lile hukuwa na ujanja, lazima ujenge ukuta, daraja la matao au handaki.

Handaki ndilo la kusimulia. Reli ya Manchester na Leeds ya George Stephenson ilitoboa mlima kati ya Littleborough na Walsden. Handaki la Summit, zaidi ya kilomita mbili na nusu, lilifunguliwa 1841, na wakati huo halikuwepo handaki la reli refu kuliko hilo. Matofali zaidi ya milioni 20, yote yamepangwa kwa mikono, kwa mwanga wa mishumaa.

Ruka mpaka tarehe 20 Desemba 1984, kabla ya mapambazuko. Treni ya mizigo yenye matangi 13 ya petroli inaingia humo. Beringi ya ekseli moja inakufa, matangi yanaacha reli, moto unawaka. Wafanyakazi watatu wa treni wanakimbia hadi nje kuomba msaada. Baadaye wakarudi ndani! Wakakata matangi matatu ya mbele yaliyokuwa bado kwenye reli, wakayavuta kwa injini mpaka nje. Kisha moto ukashinda kila mtu. Ndimi zilipanda kupitia mashimo ya hewa zikatokea juu ya mlima makumi ya mita angani. Matofali ya ndani yaliyeyuka uso yakang'aa kama kioo.

Hakufa mtu. Na lile handaki la 1841 lilisimama. Agosti 1985 treni zikapita tena, na siku chache kabla ya hapo wananchi waliruhusiwa kulitembea kwa miguu mwisho hadi mwisho. Baba yangu aliwahi kunieleza maana ya kurudi kwenye treni inayowaka. Kila nikisoma habari ya wale watatu nanyamaza kidogo.

#15 FundiMitambo55

Hapo kwa mashimo ya hewa nimejifunza kitu. Yalitoa moto nje kama dohani, ndiyo maana kuta zilipona. Wajenzi wale walikuwa wanajua wanachofanya.

#16 Mkongo wa Leeds

Nami sasa nirekebishe kidogo. Stephenson alikuwa mhandisi mkuu kwa jina na kwa heshima, lakini mtu aliyekuwa pale matopeni kila siku ni Thomas Gooch. Tusimsahau.

#17 Reli Damu

Kweli kabisa, ndugu. Nilimruka.

#18 Leso Nane

Asalaam aleikum. Nimesoma yote kimya, sasa naingia. Mmetaja maji, hewa, njaa, mfereji, reli. Pamba yenyewe mmeipita mbio. Robota lile lililoshuka Liverpool lilichumwa na nani? Mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sehemu kubwa ya pamba ya Lancashire ilitoka mashamba ya kusini mwa Marekani, yaliyolimwa na watu weusi watumwa. Mkulima wa Todmorden alikuwa na njaa, nakubali, na mikono yake ilikuwa stadi. Lakini uzi ulikuwa rahisi kwa sababu mwanzoni mwa mstari kulikuwa na mtu asiyelipwa. Ukiitoa sababu hiyo kwenye orodha, orodha ina tobo.

Vita vilipoanza 1861, pamba ikakatika. Viwanda vikazimwa, watu Lancashire wakala njaa hasa, mpaka 1865. Na huku kwetu Unguja habari ilifika pia kwa njia yake. Kitambaa cheupe tulichokiita marekani, kilichokuwa kama fedha barani, kilitoka viwanda vya Marekani. Kikaadimika, na kitambaa cha Kiingereza na cha Kihindi kikapata nafasi yake. Bibi yangu mzaa bibi alikuwa akisema "marekani" akimaanisha shuka, si nchi. Vita moja, upande mmoja inafunga kiwanda cha Todmorden, upande wa pili inabadilisha sanda ya mtu Unguja.

#19 Kipanga Dume

Leso Nane, nimesimama kwa heshima. Hili nalichukua darasani Jumatatu.

#20 Kisima

Dada yupo sahihi. Lakini sababu hiyo inaeleza kwa nini pamba, haielezi kwa nini Todmorden. Manchester, Oldham, Preston, wote walinunua pamba ileile.

#21 Leso Nane

Sikusema inaeleza bonde. Nimesema bila hiyo bonde lingebaki na kondoo.

#22 Sauti ya Kahama

Kisima kapewa cha moto. Tuendelee. Hao Fielden walikuwa watu wa aina gani? Matajiri wa dhuluma au wa afadhali?

#23 Mlezi wa Bondeni

Mwana wa Joshua, John Fielden, ana sanamu kwenye bustani ya Centre Vale. Aliingizwa kiwandani kwa baba yake akiwa na miaka kama kumi, na hakusahau uchovu ule. Alipokuwa mbunge wa Oldham alikomaa na sheria ya kupunguza saa za kazi, ikapita 1847, saa kumi kwa siku kwa wanawake na vijana. Mwenye kiwanda kikubwa, anapigania kiwanda chake kifanye kazi saa chache. Pia aliipinga sheria mpya ya maskini ya 1834, ile ya kuwafungia wasiojiweza kwenye nyumba za kazi, na mji ukaigomea kiasi kwamba nyumba hiyo haikujengwa mpaka miaka ya 1870.

Watoto wake ndio walioujengea mji lile jumba. Mmoja wao, John pia, alimpenda Ruth, binti mfumaji. Watu wanasimulia kwamba binti alisema, nitakubali ukinijengea ngome. Ngome ipo kweli, Dobroyd, kilimani, naiona nikienda kwa mteja wangu wa pili.

#24 Kisima

Ruth kuwa mfumaji ni kweli. Ngome ilijengwa 1866 hadi 1869, wakati walikuwa wameshaoana. Kama ahadi ilikuwepo, ilichelewa.

#25 FundiMitambo55

Kuchelewa si kukataa, Kisima. Nyumba yangu mwenyewe nilimwahidi mama watoto 1988, bati zimepanda 2003.

Ila hapa kuna sababu nyingine nzito: ukoo mmoja wenye mtaji, unaokaa palepale na hauhami. Kiwanda kinafuata pesa. Fielden wangekuwa watu wa Burnley, tungekuwa tunauliza habari za Burnley.

#26 Sauti ya Kahama

Sababu ya sita hiyo, au ya saba, nimepoteza hesabu. Nami nachangia moja ya pembeni. Mji huo wa watu 15,000 hivi umetoa washindi wawili wa Nobel: John Cockcroft, fizikia 1951, na Geoffrey Wilkinson, kemia 1973. Shule moja, na mwalimu mmoja wa sayansi, Luke Sutcliffe, aliwafundisha wote wawili kwa nyakati tofauti. Na familia ya Cockcroft walikuwa watu wa kiwanda cha pamba, Walsden. Kipanga, mshahara wako uongezwe.

#27 Kipanga Dume

Luke Sutcliffe. Naliandika jina hili ubaoni chini ya tarehe.

#28 Mkongo wa Leeds

Lakini maji hayo mnayoyasifu, leo ndiyo adui. Tarehe 26 Desemba 2015 bonde lote lilizama, Todmorden, Hebden Bridge, Mytholmroyd. Rafiki yangu ana duka la kinyozi chini huko. Alinionyesha alama ya matope ukutani, juu ya kioo cha kunyolea. Februari 2020 yakarudi tena.

#29 Mlezi wa Bondeni

Kweli. King'ora kikilia hapa, watu wazima wanabeba zulia kwenda ghorofani bila kuulizana. Vijito vilivyozungusha magurudumu vimefunikwa chini ya barabara na nyumba, mvua ikizidi vinatafuta njia yao ya zamani.

Mji lakini haujalala. Tangu 2008 wana utaratibu wao wa kupanda chakula mahali pa watu wote, Pam Warhurst na wenzake ndio waliouanzisha. Mboga mbele ya kituo cha polisi, viungo kwenye kituo cha treni, unachuma unakwenda nazo. Mara ya kwanza nilichuma majani ya kitunguu nikiwa naangalia nyuma, nikidhani nitaitwa mwizi. Mzee mmoja akaniambia chukua zaidi, yatakomaa bure. Jioni ile nilikaangia dagaa wa mwisho.

#30 Reli Damu

Na leo mji unaishi kwa reli. Watu wanalala Todmorden wanafanya kazi Manchester au Leeds. Mwaka 2015 walirudisha kipande cha reli cha mita mia chache kilichong'olewa zamani, ile kona inayounganisha njia ya Burnley na ya Manchester. Kabla ya hapo mtu wa Burnley aende Manchester kwa treni ilibidi azungukie Hebden Bridge na kubadilisha. Kona fupi tu, ikaunganisha miji miwili. Hilo ndilo ninalowaambia tangu mwanzo: njia inaamua.

#31 Kipanga Dume

Njia imepita wapi, Reli Damu? Pale mito ilipokata mlima. Maji yanaamua.

#32 Mlezi wa Bondeni

Nimerudi kwa bibi asubuhi hii. Nimemwambia, siku ile ulionyesha nini dirishani? Nimetanua midomo vizuri, kama anavyonifundisha.

Akanivuta mkono hadi kwenye kioo. Nyuma ya nyumba ya jirani kuna njia ya mawe inapanda kilimani, sikuwahi kuitilia maanani kwa sababu imemezwa na majani. Mawe yake yamechimbika katikati, kama kinu cha zamani. Anasema mama yake alikuwa anateremka hapo saa kumi na moja asubuhi na viatu vyenye soli ya mti, yeye akiwa kitandani anasikia mlio wake ukipungua, halafu wa jirani, halafu wa mwingine, mpaka kilima chote kinalia. Bibi yake pia, na mama wa bibi. Basi akakaa. Akaomba chai nyingine.

#33 Leso Nane

Mitalawanda. Mashallah. Mlio ule naujua, mwalimu wangu wa chuoni alikuwa nayo.

#34 Kisima

Njia inatoka mlimani. Watu walitoka juu na kazi yao. Sisemi zaidi.

#35 FundiMitambo55

Na mawe yamelowa, Kisima. Mwulize Mlezi kama yamelowa.

#36 Mlezi wa Bondeni

Yamelowa 😄

#37 Sauti ya Kahama

Samahani natoka nje ya mada. Shemeji yangu yuko Manchester, Jumamosi anapanda treni kwenda Leeds kupitia huko. Akae upande gani aone vizuri?

#38 Reli Damu

Akae kulia. Akitoka kwenye handaki la Summit atazame Gauxholme, kuna daraja la chuma lenye vinara kama ngome. Akishapita kituo cha Todmorden ainue macho juu kulia, ataona mnara mweusi peke yake kileleni. Huo ni Stoodley Pike, mita 37, wa 1856. Wa kwanza uliojengwa kukumbuka kushindwa kwa Napoleon ulianguka 1854.

#39 Mlezi wa Bondeni

Na kama ana nusu saa, ashuke. Soko la ndani, lile jengo la 1879, ni dakika chache kwa miguu. Nitakuwa zamu ya mchana, asubuhi nipo. Mwambie aje na dagaa.